UZI: Kusamehe kabla ya kusema ulichofanyiwa hakuponyeshi roho. Wa Bukavu, Goma na Lubumbashi tuongee

Binti_Bagira (Bukavu)

Wandugu habari zenu. Uzi utakuwa mrefu, mwenye haraka aweke asome jioni, juu hii kitu imenikaa rohoni siku mingi na kila siku huku Bukavu naona watu wanaumia nayo.

Huku kwetu tunasukumwa kusamehe haraka sana. Mtu amefiwa, ameibiwa, amepigwa, amefukuzwa kwa nyumba yake, hata machozi hayajakauka, tayari kuko mtu wa kanisa ao mkubwa wa familia pembeni yake anamwambia samehe mwanangu, mwachie Mungu, yaliyopita si ndwele. Na yule mtu anaitika ndiyo nimesamehe, juu akisema hapana ataonekana roho mbaya. Miaka inapita, siku moja anasikia jina ya aliyemkosea inatajwa kwa redio ya jirani ao sokoni, jasho inamtoka. Sasa alisamehe nini? Alinyamazishwa tu. Msamaha unaponyesha, hiyo naamini kabisa na nimeiona kwangu mimi mwenyewe, lakini kuko kazi ya ndani inayotangulia, na ile kazi ndiyo watu wanaruka.

Niseme yangu ili tusiongee hewani. Papa alikufa tukiwa wadogo, mimi ndiye wa kwanza, na nyumbani wasichana tuko wengi kuliko wavulana. Matanga ilikuwa haijaisha vizuri baba mdogo akaja na wazee wawili wa ukoo, wakakaa salo, wakasema parsele, yaani kiwanja na nyumba, ni ya ukoo, mjane arudi kwao, watoto wa kike wataolewa. Mama alikuwa bado na kitambaa cheusi kichwani. Mimi ndiye niliwaletea chai. Ile sinia nakumbuka mpaka leo, ya maua mekundu, kona moja imepasuka, nilisimama nayo mlangoni wakipanga nani atalala shambre ya papa, na hakuna hata mmoja aliyeinua macho kuniangalia. Tukatoka pale na vyombo vyetu vikiwa kwa beseni. Mama akaanza kuuza sambaza, samaki wadogo wa ziwa, soko ya Kadutu, na sambaza ndiyo ilitulipia minerivali, pesa ya shule.

Mtu asiniambie ilikuwa desturi. Kodi ya famiya, yaani sheria ya familia ya Kongo, ya 1 Agosti 1987 iko wazi: watoto wa marehemu ndio warithi wa kwanza, robo tatu ya mali ni yao, wa kike na wa kiume sawa, na ile robo inayobaki ndiyo wanagawana mjane, wazazi na ndugu za marehemu. Naiandika hapa juu wajane wengi bado hawajue.

Basi kwa grupu ya maombi wakatuita mbele, mama na mimi, tutangaze kwamba tumesamehe. Tukatangaza. Watu wakapiga makofi na wimbo ukaanzishwa. Usiku ule mama hakulala, nilikuwa namsikia anageuka-geuka kwa kitanda mpaka majogoo.

Aliyenifungua macho ni mama mmoja infirmye (muuguzi), rafiki ya mama. Siku moja nikajisifu mbele yake kwamba baba mdogo nilishamsamehea zamani. Akaniangalia akaniuliza, umemsamehea nini? Nitajie. Nikasema nyumba. Akasema na nini tena? Nikakosa jibu. Akasema nenda nunua kaye (daftari), andika kila kitu ulichopoteza, usiache hata kidogo, halafu ndiyo urudi uniambie habari ya msamaha.

Nimeandika ile kaye kwa muda mrefu, mara nyingi usiku na mshumaa juu umeme umekatika. Nyumba. Mwaka wa masomo niliopoteza. Mgongo wa mama ulioharibika kwa kubeba. Foto za papa zilizobaki kwa kabati na hatukuziona tena. Na mwisho kabisa ikatoka kitu sikujua iko ndani yangu: hawakuniangalia. Nilisimama pale na chai na kwao nilikuwa kama ukuta. Wandugu, nyumba niliiandika nikiwa na hasira lakini macho makavu. Hii ya kutoangaliwa ndiyo ilinilaza chini nikalia. Kidonda kilikuwa pale na miaka yote nilikuwa napaka dawa pembeni.

Sehemu ya pili ya kazi ni kujiangalia, na hapa watu wengi wanakosea njia, wanafikiri kujichunguza ni kutafuta kosa lako katika uliyofanyiwa. Mtoto mwenye sinia hakuwa na kosa! Kujichunguza ninakosema ni kujiuliza hiki kidonda kinanifanyisha nini leo, kwa watu ambao hawakunikosea. Nikaona: nikiwa kwa mkutano na mtu akiongea bila kuniangalia, namchukia palepale, hata akiwa mtu mwema. Kila karatasi ya nyumbani naiweka kwa plastiki chini ya godoro. Mdogo wangu akichelewa kurudisha deni ya franka kidogo, kifua kinanibana sawa vile amenifukuza kwa nyumba. Pale ndiyo nikaelewa baba mdogo bado anakaa kwangu, anakula bure, na yeye mwenyewe hajue.

Nitaendelea. Kwanza mniambie kwenu iko namna gani.

Kijana_wa_Himbi (Goma)

Yaya asante kwa uzi. Niko na swali moja. Wewe uko na baba mdogo, sura yake unaijua. Mimi nitasamehe nani?

17 Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilimeza nyumba ya wazazi, papa anasimuliaka vile walikimbilia Gisenyi na godoro kichwani. Ile hatukuikasirikia. Watu walirudi wakakuta jiwe bado iko moto, wakangoja ipoe, wakajenga juu yake, leo hii nalala juu ya ile lava. Ikatoka tena 22 Mei 2021, siku chache baadaye leta (serikali) ikasema tuhame, tukakimbia Sake, tukarudi. Hautasikia mtu wa Goma ana kinyongo na mlima. Lakini vita ya Januari 2025 risasi ilipita kwa ukuta wa mbao ikamkuta mdogo wangu chini ya kitanda, palepale tulipomwambia alale ili awe salama. Sijue nani alipiga. Hata upande ilitokea sijue. Kwa kilio kila mtu alikuwa anasema samehe, samehe, samehe. Nani sasa?

Binti_Bagira

Leki yangu, pole sana. Pole tena. Nimesoma nikaweka telefone chini kwanza.

Hauko na deni ya msamaha kwa mtu yeyote. Hilo liko juu ya yote. Aliyekwambia samehe pale kwa kilio pengine alikuwa anaogopa machozi yako na alitafuta neno la kuyazima. Kidonda chako hata hakijasemwa, mtu gani anaanza na msamaha?

Kitu kimoja niliifuatilia sana. Papa Francis alipokuja Kongo 2023, Goma haikuwezekana juu ya usalama, basi 1 Februari watu wa huku mashariki waliumizwa na vita walimfuata Kinshasa. Walisimama mbele yake mmoja mmoja wakasema walichofanyiwa, bila kupunguza, nani aliuawa, nani aliteswa, namna gani. Wakaweka chini ya msalaba panga na visu kama vile walivyotumiwa. Na baada ya pale ndiyo wakatamka msamaha. Angalia utaratibu wake: walisema kwanza, tena mbele ya mtu mkubwa, dunia nzima ikisikia, na hakuna aliyewakata neno.

Wewe nani amekusikiliza mpaka mwisho? Naona pia umeandika «palepale tulipomwambia alale». Ile sentensi nimeisoma mara mingi. Sitaki kukufundisha roho yako, lakini pengine mtu wa kwanza unayemshikia kinyongo haiko yule mwenye bunduki.

Kijana_wa_Himbi

Mimi ndiye nilimwambia alale pale.

Nitarudi kesho.

Mtumishi_Kadutu (Bukavu)

Dada yangu nakuheshimu lakini unafundisha watu kuhifadhi uchungu. Neno liko wazi, Mathayo 18:22, saba mara sabini. Haikuandikwa kwanza andika kaye. Asiyesamehe anafunga baraka zake mwenyewe.

Mama_Parokia (Bukavu)

Naunga mkono mtumishi kidogo ingawa mimi ni mkatoliki. Mwenyeheri Anuarite, mtawa wetu wa Kongo, 1 Desemba 1964 kule Isiro, alimwambia yule kolonel aliyekuwa anamuua kwamba anamsamehe. Palepale. Hakungoja. Na 1985 alipotangazwa mwenyeheri kule Kinshasa, Yohane Paulo wa pili naye akasema anamsamehe muuaji kwa jina ya Kanisa. Huo ndio mfano wetu.

Binti_Bagira

Mtumishi, mama yangu, asanteni, najibu wote wawili juu hii ndiyo roho ya uzi.

Mtumishi tusome ile sura yote, tusisome mstari mmoja. Mathayo 18 kabla ya 22 iko 15: ndugu yako akikukosa, enda umwonyeshe kosa lake, wewe na yeye peke yenu. Asiposikia, chukua mtu mmoja ao wawili. Asiposikia, liambie kanisa. Yesu mwenyewe aliweka kusema mbele. Na mfano unaofuata wa yule mtumwa, talanta elfu kumi, halafu mwenzake dinari mia, mfalme alifanya hesabu kwanza! Imeandikwa alitaka kufanya hesabu na watumwa wake. Deni lilijulikana mpaka kiasi chake, na ndiyo likafutwa. Wewe unataka mjane wa Kadutu afute deni ambalo hakuna aliyekubali lihesabiwe. Mimi sihifadhi uchungu mtumishi, nauhesabu ili ujulikane unaisha wapi.

Mama, Anuarite nampenda tangu niko mtoto. Lakini Anuarite alikataa kwanza. Yule kolonel alimtaka na yeye alisema hapana, usoni kwake, akijua itamletea kifo. Msamaha wake ulitoka kwa mtu aliyekwisha kutamka kwamba hiki unachofanya ni kibaya na sikikubali. Huku kwetu msamaha tunauomba kwa mwanamke ambaye bado hajaruhusiwa kusema hapana.

Mtumishi_Kadutu

Ile ya mstari wa 15 sina cha kupinga. Nitaitafakari. Ila usiwaache watu kwa hesabu, wengine watabaki huko.

Binti_Bagira

Uko sawa mtumishi, wengine wanabaki huko, nimewaona. Nitafika.

Sina_Jina_Mimi

Nasoma kimya tangu asubuhi. Bwana yangu ananipiga. Nilirudi kwetu, familia yake ikaja na mbuzi na pagne, mama yangu mwenyewe akasema amekuja kuomba msamaha, samehe urudi, watoto watateseka. Nilisamehe nikarudi. Ikaendelea. Nilisamehe tena. Sasa nikisoma hapa nauliza, nikisema nimesamehe lakini sirudi, ni dhambi?

Binti_Bagira

Mama, hapana. Kusamehe ni kitu cha rohoni mwako, kurudi kwa nyumba ni kitu kingine kabisa, na kinahitaji mtu wa pili aliyebadilika. Unaweza kumtakia mema bwana yako, ukamwombea kila siku, na ukakaa mbali na ngumi yake mpaka mwisho wa maisha yako. Vilevile mtu anaweza kusamehe na dosye ikaendelea tribinali, mahakamani. Sisi tulifanya hivyo, tulichukua avoka (wakili), kesi ya parsele ikahukumiwa kabla vita haijafika Bukavu, tukapata sehemu yetu. Wengine wa familia walisema mnajidai mmesamehe na mnaburuza baba mdogo mbele ya juji. Ndiyo. Sikutaka aumie. Nilitaka robo tatu ya watoto irudi kwa watoto.

Na wewe usibaki peke yako na hii. Hapa Bukavu ukienda Panzi, hospitali aliyoianzisha daktari Mukwege 1999, hawatakutibu mwili tu. Kuko wa kukusikiliza, kuko wa sheria, kuko wa kusaidia mwanamke asimame kwa kazi yake. Enda na dada yako ao rafiki. Usimwambie bwana siku unayoenda.

Msikilizaji_Ibanda (Bukavu)

Niruhusuni niongeze, nimesoma sikolojia na kazi yangu ni kusikiliza watu.

Anachosema Binti kinafanana sana na kile watafiti wa msamaha wameona. Robert Enright wa chuo kikuu cha Wisconsin-Madison, Marekani, ameanza kusoma jambo hili tangu miaka ya 1980, na njia yake iko na hatua nne: kufunua hasira na hasara, kuamua, kufanya kazi ya kumwelewa aliyekosea kama mtu, na mwisho kupata maana. Kufunua ndiyo hatua ya kwanza, siyo ya hiari. Na anasisitiza kwamba kusamehe haiko kusahau, haiko kutetea kosa, haiko kurudiana.

Mwingine ni Everett Worthington. Huyu alikuwa tayari anafundisha watu kusamehe wakati mwizi alipoingia kwa nyumba ya mama yake, usiku wa kufungua mwaka 1996, akamuua. Yeye anatofautisha uamuzi na hisia. Uamuzi unaweza kuufanya leo: sitalipiza kisasi, nitamchukua kama mtu. Hisia zinakuja nyuma, polepole, na zinaweza kurudi nyuma. Watu wengi wanajihukumu bure kwamba msamaha wao ni wa uongo juu hasira imerudi siku moja. Hapana, uamuzi uko, hisia bado ziko njiani. Kitabu chake kidogo cha mazoezi, mtu anakifanya peke yake kwa saa chache, kilijaribiwa kwa watu zaidi ya 4,500 Afrika Kusini, Kolombia, Indonesia, Ukraine na Hong Kong. Waliokitumia mapema walipunguza kinyongo, na huzuni na wasiwasi vikashuka pia, kuliko wale waliokuwa bado wanangoja zamu.

Na ile kaye: 1986 James Pennebaker aliwapa wanafunzi kazi ya kuandika juu ya jambo lililowaumiza zaidi, dakika 15, siku 4 mfululizo. Palepale walijisikia vibaya zaidi. Lakini miezi iliyofuata walienda kwa daktari mara chache kuliko waliopewa mada ya kawaida. Kwa hiyo ukiandika ukajisikia vibaya jioni ile, usishtuke.

Onyo moja. Mtu anayeota vita kila usiku, anayeshtuka mlango ukigonga, asiyekula, ao anayefikiri kujiua, huyo asianze na msamaha wala asianze na kaye peke yake. Atafute kwanza mtu aliyefunzwa.

Ex_Alfajiri

Sisi tuliosoma koleji Alfajiri ya huku Bukavu, Wajezwiti walitufundisha kufanya uchunguzi wa siku, ni njia ya Inyasi wa Loyola. Unakaa kimya jioni, unashukuru, unaomba mwanga, unapitisha siku yako kama mtu anayeangalia barabara kutoka juu, wapi roho ilichangamka, wapi ilikauka, unaomba msamaha kwa pale ulipokosea, unaangalia kesho. Nilipokuwa mwanafunzi nilikuwa nasinzia. Nikiwa mtu mzima ndiyo imenisaidia, juu nimegundua roho yangu inakauka kila siku saa ileile, saa narudi nyumbani, saa papa alikuwa anarudi amelewa. Miaka yote nilifikiri ni uchovu wa kazi.

Abu_Birere (Goma)

Salaam. Kwetu waislamu kuko muhasaba, mtu kujihesabu mwenyewe kabla ya kulala, kabla hajahesabiwa. Na juu ya mjadala wa mtumishi na dada, sura ya 42 aya ya 40 inasema malipo ya ubaya ni ubaya mfano wake, lakini anayesamehe na kusuluhisha, malipo yake yako kwa Mwenyezi Mungu. Haki imetajwa kwanza, msamaha umewekwa juu yake. Aliyesamehe anajua alikuwa na haki ya kudai. Naona dada anasema kitu hichohicho.

Mwana_wa_Likasi (Lubumbashi)

Jamani miye niko Lubumbashi, munisamehe kiswahili yangu ya huku. Mama yangu alikuwaka Likasi mu 1992, ile wakati banafukuzaka batu ya Kasai. Balilala ku gare siku mingi sana na batoto, hakuna maji. Benye balibafukuza haikuwa basoda, njo majirani, batu balikuwa banakulaka nabo pamoja. Mama haongeaka ile mambo hata kidogo. Paka akiona treni inapita, ananyamaza. Miye nilizaliwa nyuma, sikuona kitu. Lakini niko nayo ile kasirani ndani, nikisikia jina ya mutu wa fulani, moyo inaruka. Sasa miye naweza samehe ya mama?

Binti_Bagira

Ndugu yangu wa Lubumbashi, kiswahili chako ni kizuri, tumekisikia chote.

Ya mama hauwezi. Ile ya gare, ya maji, ya majirani, ni yake, na akifa nayo bila kusamehe itakuwa haki yake. Mama yangu mimi mpaka leo hajamsamehea baba mdogo na nimeacha kumuuliza. Lakini kuko sehemu iliyo yako. Mama aliyenyamaza treni ikipita, ulimkosa kila mara aliponyamaza, na ile ni hasara ya mtoto, iandike kwa jina yako. Halafu jiangalie ile siku moyo unaruka kwa jina ya mtu fulani: yule mtu mbele yako alikuwa Likasi? Pengine naye alizaliwa nyuma sawa wewe.

Na umuulize mama, siyo habari ya msamaha. Muulize tu walikuwa wanapika nini pale gare. Wakati mwingine mlango unafunguka kwa kitu kidogo.

Sasa niende kwa sehemu niliyoahidi, na ile mtumishi aliyosema kwamba wengine wanabaki kwa hesabu. Ni kweli. Kuko wakati nilikuwa nafungua ile kaye kama mtu anayependa kusoma kitabu chake, naongeza maneno makali, nafurahia. Mama infirmye akaona. Akanipa kazi ngumu kuliko ya kwanza: andika maisha ya baba mdogo, wewe ukiwa mahali pake. Nilikataa wiki mingi. Nilipokaa kuandika nikakumbuka yeye ndiye hakusomeshwa, papa alisomeshwa na ng'ombe za familia, na yeye akabaki kuchunga kijijini ili ng'ombe wauzwe wengine. Parsele ile kwa macho yake ilikuwa ng'ombe zake. Hiyo haimpi haki, juji alisema hivyo na mimi nasema hivyo. Lakini mara ya kwanza nikamwona mtu aliyesimama mlangoni na yeye hakuangaliwa.

Siku ile sikusikia malaika wakiimba. Niliandika tu kwa kaye: baba mdogo, deni yako ni hii yote, imehesabiwa, mimi sehemu yangu sitakudai tena kwa roho yangu. Nikatia tarehe. Kesho yake nikaamka na hasira ileile, sawa vile msikilizaji ameeleza. Ilichukua muda mrefu kabla mwili kufuata.

Mwili ulifuata kwa kilio ya shangazi. Baba mdogo alifika amechelewa, amezeeka, viti vya plastiki vimejaa vyote. Mimi nilikuwa na kiti. Nikasimama nikampa. Akakaa, akaniangalia, akasema asante mwanangu. Msamaha hakuomba, mpaka leo hajaomba. Kifua changu kilikuwa kimetulia kabisa, nikaenda kusaidia wamama kwa jikoni.

Mama_Parokia

Nimelia mie. Na mama yako alikuwa pale?

Binti_Bagira

Alikuwa pale. Hakumsalimia. Na sikumlaumu.

Sina_Jina_Mimi

Nimeongea na dada yangu. Tutaenda Panzi Jumanne.

Kijana_wa_Himbi (Goma)

Nimerudi. Jana nilinunua kaye. Niliandika ya banki zilizofungwa, ya kazi iliyopotea, ya shule ya watoto. Nilipofika kwa usiku ule biki ikakataa. Yaya nifanye nini hapo? Na nikimaliza, kaye naichoma ao naiweka?

Binti_Bagira

Leki, umeandika mingi, simama hapo. Ile ya usiku ule usiiandike peke yako, hata kidogo. Tafuta ndugu mmoja ambaye alikuwa nyumbani siku hiyo, akae pembeni yako, hana haja ya kusema kitu, ao mwone mtu aliyefunzwa kusikiliza kama vile Msikilizaji amesema, Goma pia wako kwa hospitali na kwa parokia. Na siku utakapoiandika, andika pia ulijua nini ile saa. Kila mtu Goma siku zile alikuwa anaambia watoto walale chini, mbali na dirisha. Uliwaza kumlinda. Hiyo nayo iingie kwa hesabu, kwa maneno yako, siyo ya kwangu.

Juu ya kaye: wengine wanachoma, wengine wanatupa ziwani. Ya kwangu nimeiweka juu iko na tarehe ambayo naihitaji siku hasira ikirudi. Ya kwako usiamue sasa. Niandikie pembeni usiku huu ukikosa usingizi, niko macho.

Msikilizaji_Ibanda

Na mimi niko, Kijana. Niandikie uniambie uko karitye (mtaa) gani, nitakutafutia mtu wa karibu.